Mgongo wa Msusi

Msusi alikuwa na uso laini kama yai na mgongo uliojaa chunusi. Kwa kuwa blauzi zilivumbuliwa zamani, mambo yalimwendea vizuri miaka mingi.

Balaa lilianza mdogo wake alipopata mchumba na kuchagua magauni yaliyo wazi mgongoni, lake na la mpambe wake. Mpambe ndiye huyo msusi. Harusi ilikuwa miezi mitatu mbele.

Akapaka limao, likamchoma. Akapaka dawa ya meno, akanukia vizuri tu. Mumewe akakabidhiwa dodoki, naye akasugua kama mtu aliyepewa sufuria lililoungua. Chunusi zikapanda hadi mabegani.

Mwishowe akajikaza kisabuni, akaenda kwa daktari wa ngozi, mama mmoja asiyependa maneno mengi.

"Nywele unapaka nini?"

"Mafuta yangu, daktari! Nayachanganya mwenyewe. Mtaa mzima wanayapaka."

"Basi yanateremka mgongoni, yanaziba vitundu vya ngozi. Yaache. Oga kwa dawa hii, usisugue, vumilia wiki nane."

Msusi alitoka amenuna. Yale mafuta yenye picha yake kwenye chupa, meno yote nje! Halafu akakumbuka wateja wanaolalamikia migongo yao, ambao yeye kwa huruma huwauzia sabuni ya kusugulia. Mkono huu ulikuwa unagawa ugonjwa, mkono ule unauza tiba. Hilo hakulijua. Sasa amelijua, na mafuta akayaacha, lakini kwenye nywele zake tu; kuyauza aliendelea.

Wiki ya nane mgongo ulikuwa umetakata. Siku ya kujaribu magauni pale saluni, wateja walimzunguka.

"Dada, siri yako nini?"

"Si ni mafuta yangu haya haya!" akajibu bila kupepesa macho. Chupa zikagombaniwa.

Bi harusi hakuwa ametoka nyuma ya pazia. Msusi akaingia, akamkuta ameshikilia gauni kifuani, analia. Mgongo wake ulikuwa umeumuka, mwekundu kuanzia shingoni hadi kiunoni.

"Dada, tangu nilipoona wako unapona, nayapaka mafuta yako asubuhi na jioni, mpaka mgongoni kwenyewe. Mbona mimi yananikataa?"

Nje ya pazia wateja walikuwa wametega masikio. 

Msusi alimlea mdogo wake huyu tangu mama yao alipofariki. Alimbeba kwenye mgongo huo huo uliokuwa na chunusi. Moyo ulimuuma, tena ulimuuma kwelikweli, na neno la kusema alikuwa nalo mdomoni. Akamfuta machozi kwa kiganja.

"Ngozi inatoa uchafu, mdogo wangu," akasema kwa sauti ya kufika nje. "Wewe ongeza kidogo tu."

Bi harusi akavuta kamasi, akamwamini, akamgeuzia mgongo ampake mwenyewe.