Mgonjwa Haringi

Jicho langu halijawahi kukosea. Sisemi hivyo kwa kujisifu, ingawa najisifu kidogo. Nipe ukuta nikuambie umeinamia upande gani. Mtu akipita barabarani, najua ni kiatu chake kipi kimelika kisigino. Shuleni, mwalimu wa hesabu alikuwa akichora mstari ubaoni kisha ananitupia macho mimi kwanza, kama dereva aliyemwona trafiki. Ndiyo maana baba mdogo aliacha kuniita kwa jina langu, akaniita Jicho. Mtaa mzima ukafuata.

Mtaa ulidhani ni utani tu. Baba mdogo ni fundi wa magitaa, na macho yake yalikuwa yanamuaga taratibu. Kwanza ziliondoka nyuzi nyembamba, zikafuata alama za rula, mwisho nyuso za watu. Wateja hawakujua. Walimwona ameinamia meza yake, aproni kiunoni, kalamu ya risasi sikioni, wakaona fundi yuleyule wa siku zote. Kalamu yenyewe ilikuwa pambo. Hakuwa ameandika nayo tangu mvua za mwaka jana.

Mama mdogo alikuwa amemwambia mara nyingi apumzike. Asubuhi moja baba mdogo alimjibu mbele yangu, huku anapuliza chai yake.

"Siku nitakapomharibia mtu gitaa, siku hiyohiyo nafunga. Sitangoja kuambiwa."

Akanywa chai. Angepiga meza ningecheka. Lakini alilisema kama mtu anayetaja siku ya kwenda kunyoa, na mimi nikamwamini. Chumba kile kimoja, chenye harufu ya gundi na vumbi la mbao, ndimo alimokuwa ameyapitisha maisha yake yote. Nje ya mlango ule sijui angekuwa nani.

Basi tukawa tunafanya kazi hivi: mikono yake, jicho langu. Gitaa likija, yeye analipapasa. Kama shingo imepinda kwenda mbele, vidole vyake vinajua vyenyewe. Anabana uzi mwanzoni mwa shingo, anaubana tena mwishoni, kisha anapitisha kipande cha karatasi chini yake pale katikati. Karatasi ikipita bila kugusa, shingo imeinama. Kitu ambacho vidole haviwezi kukiona vizuri ni msokoto, yaani shingo kujinyonga kama nguo inayokamuliwa, upande mmoja ukienda huku na wa pili kule. Hapo unahitaji jicho. Unalishika gitaa kama bunduki, kichwa chake kikiwa shavuni kwako, unaelekeza mwili wake kwenye mwanga wa mlango, unatazama kile kipande cha mfupa kinachobeba nyuzi huku mwanzo na daraja kule mwisho. Vikilala sambamba, salama. Kimoja kikiinua bega, una kesi.

Mbele ya wateja hatukuweza kusema wazi, kwa hiyo tulikuwa na lugha yetu. Gitaa ni mgonjwa. Mgonjwa ameinama, mgonjwa amevimba kifua, mgonjwa anaringa. Kuringa ndiko kusokotwa. Wateja walicheka, wakituona wacheshi.

Siku yenyewe ilianza na mawingu, mvua inayotishia halafu hainyeshi. Mbao zote karakanani zilikuwa zinatoa vilio vidogo, kama zinavyofanya hewa ikiwa nzito. Akaingia fundi cherehani wa duka la pembeni, yule msichana tunayemwita Sindano kwa sababu ni mwembamba, hasemi sana, na akisema unachomeka. Alikuwa amekumbatia gitaa lisilo na nyuzi nene. Zimebaki zile nyembamba tu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu." Baba mdogo alilipokea gitaa, akalipapasa. "Nyuzi nene zimekwenda wapi?"

"Nimezing'oa. Zilikuwa zinakoroma kila nikipiga."

"Umezing'oa kama meno," nikasema. "Ungeleta na mashavu yaliyovimba."

Hakucheka. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, mahali penye mwanga wote, akakunja mikono. Nami nikaamua kwamba siku hiyo haitaisha kabla hajacheka.

Baba mdogo alishalilaza gitaa mapajani. "Huwa unaliweka wapi?"

"Nalitundika ukutani. Karibu na meza ya pasi."

Vidole vyake vikasimama. "Mvuke unalipiga upande mmoja?"

"Ndiyo. Kila siku."

Alibana uzi mwembamba, akapitisha karatasi. Ikapita kama mgeni asiyebisha hodi. Upande wa nyuzi nene hakukuwa na uzi wa kubana. Akanipa gitaa, akishusha sauti kidogo.

"Jicho. Ameinama, hilo nimelijua. Niambie, mgonjwa anaringa? Mvuke wa upande mmoja hupenda kuwafanya waringe. Angalia vizuri."

Nikaliweka shavuni, nikaelekeza mlangoni. Na mlangoni, juu kidogo ya daraja, alikuwepo Sindano na mwanga umemzunguka, anaondoa kipande cha uzi kwenye mkono wa blauzi yake. Nikafumba jicho moja, kama inavyotakiwa. Lile lililobaki wazi lilifanya linavyotaka.

"Mgonjwa haringi," nikasema. "Ni mtu mnyenyekevu sana. Ameinama tu, kama anayemwamkia mkwe."

Sindano akainua macho. Mdomo wake ulikaribia kucheka, ukaghairi.

Baba mdogo alilegeza nyuzi, akafungua kifuniko kidogo kichwani mwa gitaa. Ndani ya shingo kuna chuma kirefu, na ukikikaza kwa spana, kinavuta shingo irudi nyuma. Akazungusha robo. Akakaza nyuzi, akapima kwa karatasi. Ikapita vilevile. Akalegeza, akazungusha tena. Mbao ikatoa mlio mdogo, mrefu, kama mtu anayeugulia ndani ya blanketi.

"Huyu mgonjwa analalamika," nikasema.

Nje upepo ulikuwa umekufa kabisa. Karatasi ilipita tena.

"Ajabu," baba mdogo alisema. Alikuwa ameanza kutoa jasho juu ya mdomo. "Kwa nilivyokaza angekuwa ameshanyooka. Chuma kinakataa. Mkono wangu unaniambia niache." Akageuza uso kuelekea sauti yangu ilikokuwa mara ya mwisho. "Mchukue tena, Jicho. Mwangalie kama hujawahi kumwona."

Safari hii nililitazama gitaa. Mfupa ulikuwa umelala. Daraja lilikuwa limeinua bega moja juu, waziwazi, aibu tupu. Upande wa nyuzi nene ulikuwa umeshanyooka na kupitiliza, umeanza kubinuka nyuma. Ule wa nyembamba ulikuwa bado umeinama kwa raha zake. Shingo ilikuwa imejinyonga tangu ilipoingia. Msokoto hautibiwi kwa spana. Unatibiwa kwa joto na jiriwa, kile chuma cha kubania mbao, pole pole, pande mbili zikivutwa kinyume, na fundi mwenye subira. Kila robo aliyozungusha ilikuwa inakivuta chuma kifanye kazi isiyo yake.

Neno lenyewe lilikuwa fupi. Anaringa. Ningelisema tu, baba mdogo angeweka spana chini. Lakini angeuliza kwa nini sikuliona mara ya kwanza, na Sindano alikuwa pale, hajapepesa macho. Nikajiambia chuma ni chuma, robo moja haiui mtu. Nikajiambia kwamba mwenyewe ataacha akichoka, kesho nitamwambia tuangalie upya, na hapo nitagundua kwa mshangao.

"Haringi," nikasema. "Mpe robo nyingine."

Alisita. Nilimwona anasita. Kidole gumba chake kilikuwa kinasugua spana kama kinaiomba ushauri. Halafu akaamini jicho langu kuliko mkono wake, akazungusha.

Mlio haukuwa mkubwa. Tak, kama kijiti kinachokanyagwa chumba cha pili. Spana ikalegea mkononi mwake, ikazunguka bure. Ubao wa vidole, ule uliogundishwa juu ya shingo, ukafunguka ubavuni, mwanya mwembamba kama mdomo wa mtu aliyelala.

Baba mdogo alipitisha ukucha kwenye ule mwanya, toka mwanzo hadi mwisho, akarudi tena mwanzo. Kisha akaweka gitaa mezani taratibu, kana kwamba sasa ndiyo kuna cha kulinda.

"Mwanangu," alimwambia Sindano, "nimekuvunjia gitaa. Nitakupa moja kati ya hayo yaliyo ukutani, chagua unalolitaka. Na nikuambie ukweli ambao watu wa hapa hawaujui. Mimi sioni. Wewe uliyekaa hapo ni kivuli tu. Nilidhani mkono umebaki. Kumbe mkono nao umekwenda."

"Baba mdogo," nikasema.

"Ulinionyesha njia vizuri, Jicho. Mimi ndiye nimezidisha." Alikuwa anatafuta fundo la aproni mgongoni, na vidole vile vinavyojua kila kitu havikulipata. "Kamwite mama yako mdogo aje. Mwambie amepata alichokuwa anakitaka."

Nilisimama nikaenda kumfungulia fundo. Hilo niliweza. Nikamvua aproni, nikaikunja, nikamwekea mkono begani, na nikasikia kinywa changu kikisema kwa upole mkubwa:

"Usijilaumu, baba mdogo. Ni umri tu. Kila mkono hufika siku yake."

Akatikisa kichwa kukubali. Alikubali kabisa, na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyesomewa hukumu aliyoitegemea.

Sindano alikuwa amesimama. Hakulitazama gitaa lake, wala yale ya ukutani. Alikuja hadi mezani, akasimama karibu na baba mdogo ili asikike vizuri.

"Fundi, mimi sijui kuringa kwenu ni nini," alisema. "Lakini nimekaa pale mlangoni muda wote. Ulipomwambia aangalie mara ya kwanza, hakuangalia gitaa. Alikuwa ananiangalia mimi. Mara ya pili ndiyo aliliangalia, na uso wake ukabadilika. Alikaa kidogo, ndipo akakujibu haringi."

Mkono wangu ulikuwa bado begani kwa baba mdogo. Aliushika kwa vidole vyake, akaupapasa kifundo kwa kifundo, kama anavyopapasa shingo ya gitaa lililoletwa na mtu asiyemjua.