Mvi Saba

Bondia alizihesabu mbele ya kioo: mvi saba, zote juu ya sikio la kushoto. Mwenye ukumbi alishasema hapandishi wazee ulingoni, na pambano la jioni hiyo ndilo lingeamua kama atabaki.

"Nyoa tu, baba," mkewe alimwambia.

"Upara ndio utanimaliza kabisa."

Akapaka rangi nyeusi kichwa kizima, na kwa haraka hakuisuuza vizuri.

Mpinzani wake, kijana waliyemwita Nyundo, aligusisha glavu akacheka. "Shikamoo, babu. Umejipaka masizi?"

"Ngumi ndiyo itakuitikia, mwanangu."

Raundi ya kwanza alimvunja Nyundo pua. Ya pili alimpasua mdomo. Ya tatu jasho liliyeyusha rangi ikamwingia machoni, ikawaka kama pilipili. Alirudi nyuma hadi kwenye kamba. Nyundo akamtwanga mbavuni mara nne, na ubavu mmoja ukaalika. Refa alipoona bondia haoni, akajitosa katikati kusimamisha pambano.

Bondia aliona kivuli tu. Alirusha mkono wa kulia kwa uzito wake wote, akasikia taya likivunjika, akaongeza ngumi mbili kabla mwili haujafika chini. Kisha akainua mikono.

"Nimemlaza?"

"Umemlaza refa, babu," Nyundo alijibu nyuma yake, akitema damu.

Bondia alifungiwa maisha. Barua iliyomfungia haikutaja umri wake popote.