Koti Lililofungwa Vifungo

Jumamosi ya kuanua matanga ya Fundi Rugemalira, nyumbani kwake Igoma, ndugu walikula ndizi na maharage, wakasali, kisha wakamketisha mwanawe Jovinary kwenye kiti cha marehemu. Jovinary alikuwa na miaka kumi na mitatu, yuko darasa la saba, na tangu makaburini alikuwa hajalia, kwa sababu aliambiwa kwamba mwanaume wa nyumba halii. Kwa desturi ya ukoo wao, koti la marehemu huwekwa mabegani mwa mrithi, yakasemwa maneno mawili matatu, kisha likavuliwa na maisha yakaendelea. Halifungwi vifungo. Hilo kila mtu alilijua, isipokuwa baba mdogo Alexander, aliyefika asubuhi kwa meli ya Bukoba na aliyetaka picha nzuri ya kutuma kwenye kundi la ukoo. Alilifunga koti mpaka kifungo cha shingoni, akarudi nyuma hatua tatu, akapiga.

Lilipovuliwa, mambo yalikuwa yameshaanza. Jumapili suruali ya shule ilimwishia magotini. Jumatatu makovu ya cheche yalijitokeza mikononi mwake, moja moja, pale pale yalipokuwa kwa baba yake, ambaye alichomelea mageti kwa miaka ishirini. Jumanne gego la kushoto likaanza kumuuma. Mama yake, Kokuberwa, alilichungulia akalitambua mara moja.

"Ni lile lile," alisema. "Nilimwambia akaling'oe, akawa mbishi." Akampa karafuu aiweke hapo.

Jovinary alimpigia simu baba mdogo, ambaye alikuwa amesharudi kwake. Alexander alimsikiliza mpaka mwisho.

"Maji ukiyavulia nguo, shurti uyaoge," alisema. "Halafu ile picha imetoka vizuri mno, kaka."

Jovinary aliposikia ameitwa kaka, akakata simu.

Jumatano alikuja Mama Wilhelmina wa Kisesa, aliyekuwa akisubiri geti lake tangu kabla ya msiba. Alitoa pole kwanza, maana ni mtu mwenye utu, ndipo akauliza geti linakwisha lini, ng'ombe wa jirani wanammalizia mahindi. Jovinary alitaka kumjibu kwamba yeye hajui kuchomelea. Mikono yake ilikuwa imeshawasha mashine. Usiku alilala kwenye mkeka wake sebuleni kama kawaida, miguu ikipita mwisho wa mkeka na kufika mlangoni.

Kilichomuuma kuliko gego ni mpira. Jumamosi hiyo shule yao ingecheza na shule moja ya Buhongwa, na winga wa kushoto alikuwa yeye. Kwa hiyo Alhamisi barua ya shule ilipofika, alifurahi. Ilisema mwanafunzi Jovinary Rugemalira ni mtoro, afike kesho yake pamoja na mzazi. Aliisoma mara mbili. Shuleni, angalau, Jovinary bado yupo.

Mwalimu wa darasa, Machibya, ni kijana mwenye adabu zake. Alipoona mtu mzima mlangoni alisema shikamoo, na Jovinary, kwa mazoea ya miaka saba, akasema shikamoo mwalimu. Shikamoo zikagongana, marahaba ikakosa mwenyewe.

"Mwalimu, mimi ndiye Jovinary."

"Nalijua hilo, mzee wangu. Karibu kiti." Mwalimu alifungua faili. "Tatizo ni hii fomu. Inataka mzazi na mwanafunzi. Wewe umekuja mmoja."

"Basi niandike mwanafunzi."

"Naweza. Mzazi wako yuko wapi?"

"Amefariki."

"Pole sana. Basi inabidi aje mrithi wake."

Nje darasa la tatu walikuwa wakifagia uwanja, na vumbi lilikuwa linarudi pale pale lilipofagiwa.

Mwalimu aliigeuza fomu. Upande wa pili palikuwa na sehemu ya mwanafunzi aliyeacha shule, na hiyo ilitaka sahihi ya mzazi peke yake. Jovinary alishika kalamu. Sahihi ilitoka ya baba yake, na ule mkia mrefu wa herufi ya mwanzo. Mwalimu aliilinganisha na ya mwaka jana, akaridhika, akapiga mstari juu ya jina la Jovinary kwenye daftari la mahudhurio, kwa rula.

"Winga atacheza nani?" aliuliza Jovinary.

"Shigela. Mguu wa kushoto hana, lakini tutafanyaje."

Alirudi kwa njia ya uwanjani. Mpira ulitoka nje ukamjia miguuni, na Shigela, aliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza, akaja mbio, akasimama mbali kidogo.

"Shikamoo mzee! Tunaomba mpira wetu."

"Marahaba," alisema Jovinary. Aliinama, goti likalia, akaurudisha kwa mikono.

Jioni alimaliza geti la Mama Wilhelmina, akanawa, akasimama mlangoni. Saa kama hiyo ndiyo baba yake alikuwa akisimama hapo kila siku kumwita mtoto kutoka mpirani.

"Jovinary! We Jovinary! Rudi nyumbani!"

Sauti iliyomtoka ilikuwa ya baba yake yote, na ukwaruzo wake wa moshi. Hakuwa ameisikia tangu hospitalini. Ilimfurahisha na kumchoma kwa pamoja, hata akaita mara ya pili ili aisikie tu. Maisha yake yote sauti ile aliijibu "Naam, baba," huku anakimbia. Alisubiri ijibiwe. Ndipo machozi yakamtoka, ya msiba mzima.

"Baba Jovi, usilie bwana, watu wanapita," alisema Kokuberwa. "Yule mtoto, mpira ukimkolea hasikii, humjui?"

Alipakua chakula cha mtoto kwenye bakuli lake la bluu, akalifunika kwa sahani kisipoe, akaja kukaa naye mlangoni wamsubiri.