Ulikuwa Wapi Muziki Ukipigwa?

Mume wangu Gerishom ana wito, na hilo silibishi. Vijana wa kwaya ya kanisa letu hapa njia ya Marafa amewalea tangu hawajui sauti ya kwanza wala ya pili. Mtoto akitoroka shule, ni yeye amfuataye mpaka kwao. Lakini alipopewa wito hakupewa breki. Nimemwambia mara ngapi, naye huniita mwanamke wa imani haba.

Kisa chenyewe kilianza na disko matanga. Huku kwetu mtu akifa, ndugu hukodi muziki, spika zikafungwa uani pale pale penye msiba, na watoto wa watu wakacheza mpaka kuche. Wasichana wetu wawili walirudi na mimba, masomo yakaishia hapo. Gerishom alikasirika, na haki alikuwa nayo. Akaweka sharti: kijana atakayekuwa penye disko matanga, avue joho la kwaya.

Wa kwanza kuvuliwa alikuwa Mbeyu. Nyanya yake alifariki, na baba zake wadogo wakaleta spika. Mtoto hakulifuata disko, disko lilimfuata kwao. Jumapili Gerishom akamsimamisha mbele ya kanisa zima, akamwuliza, "Ulikuwa wapi muziki ukipigwa?"

"Nilikuwa nyumbani, mwalimu."

Akaambiwa nyumbani si udhuru, avue. Na nani alilipokea lile joho, akalikunja, akalitia sandukuni? Mie. Nilijua si haki nikanyamaza, maana ni mume wangu, na watu walikuwa wakitutazama.

Haya. Mwaka huu akafariki baba mkwe wangu, Mzee Kambi. Ndugu zake wakasema mzee mzima hazikwi kimya kama kuku. Gerishom alipinga mpaka sauti ikamkauka. Wakamwambia katika msiba huu yeye ni mtoto, na watoto hawapangi matanga. Spika zikaja. Muziki ukalia usiku kucha, na mwalimu wa vijana kakaa mkekani kando ya jeneza la babake, kichwa mikononi. Angekwenda wapi? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Asubuhi ya maziko kwaya haikuonekana. Kitsao, kiongozi wao, akampigia Gerishom simu. Alisalimu kwa adabu, akatoa pole, akasema wamekusanyika kanisani ila wamesikia kulikuwa na disko, na sharti wanalijua. Je, mwalimu mwenyewe alikuwepo? Nilikuwa karibu, nasikia kila neno. Baba wa mwalimu azikwe bila kwaya ambayo mwanawe ndiye aliyeifundisha! Gerishom akajibu kwamba hakuwepo, alikwenda kulala kwa jirani.

Nilitamani ardhi inimeze. Tangu anioe sijapata kumsikia akisema uongo, na wa kwanza anawaambia watoto aliowafundisha kusema kweli. Nami nikanyamaza tena.

Wakaja, majoho yamepigwa pasi. Walitukuta jikoni uani, Gerishom akiwa amesimama nasi. Mbeyu alikuwa pale tangu jioni ya jana, bila kuitwa na mtu. Alikesha nasi akimenya mihogo, na ndiye aliyempelekea Gerishom chai pale mkekani. Baadhi ya wanakwaya walikuwa bado wananung'unika. Kitsao, kwa kutaka kuwatuliza, akamwuliza Mbeyu mbele yetu sote kama usiku mwalimu alikuwepo.

Mbeyu akamtazama Gerishom, kisha akatazama sufuria. "Mimi sikumwona," akasema.

Lo! Aibu niliyoiona hapo sijapata kuiona. Mtoto tuliyemvua joho kwa kusema kweli, leo anasema uongo ili atusitiri. Na wala hakuwa na kinyongo, alitusitiri kama mtu anavyomfunika mgonjwa shuka.

"Aliniletea chai," Gerishom akasema. "Nilikuwepo. Nilikuwa nyumbani."

Kitsao aliinamisha uso, akawa anavutavuta mkono wa joho lake. Sharti wanakwaya walilijua vizuri, lakini hawakuwa wamefundishwa la kufanya likimwangukia mwalimu. Mmoja mmoja wakamgeukia Mbeyu.

Mbeyu akajifuta mikono kwa leso. "Mwalimu, mzee anangoja kuzikwa," akasema.

Akatangulia kaburini, na ndiye aliyeanza wimbo, bila joho, na harufu ya moshi wa kuni nguoni. Kwaya ikampokea. Gerishom alisimama nyuma ya watu wote, kama Mbeyu anavyokaa nyuma kanisani siku hizi, na hakuimba. Mie niliimba. Lakini joho la yule mtoto lilikuwa bado sandukuni mwangu, limekunjwa vile vile nilivyolikunja, na sikuweza kumtazama usoni hata kaburi lilipokwisha kufukiwa.