Bungo Aliyebaki Hewani

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama mbele ya nyumba ya vyumba tisa, nimevaa deraya ya bati na kandambili.

Nyumba yenyewe naijua. Ndiyo misimamo tisa ya mchezo wetu wa Jumamosi, ule wa kukaa mezani, kila mtu akijitungia mhusika na kurusha dadu ya pande ishirini ajue yatakayompata. Kila mhusika lazima awe na msimamo: ni mwema, muovu au wa katikati, anafuata sheria, anazivunja au yuko katikati. Mimi, Tabu, mezani ni askari mwema wa sheria. Kaka yangu Sadoki alikuwa Bungo, mwizi mwema asiye na sheria, anayeiba kuku wa tajiri, akawagawia watu mapaja, mwenyewe akabaki na shingo.

Jumamosi ya mwisho Bungo aliruka korongo. Msimulizi wetu, Mhina, alisema ili avuke dadu itoe kumi na tatu au zaidi. Umeme ukakatika. Sadoki akasema atairusha wiki ijayo, na kabla wiki haijaisha tukamzika. Dadu yake tuliifunika kwa kikombe, namba moja ikiwa juu ili isimalize bahati ya mwenyewe, kama tunavyomfanyia yeyote asiyekuwepo. Dadu ya mtu hairushwi na mwingine. Sheria hiyo niliitunga mimi.

Tangu hapo Bungo yuko hewani.

Sasa mlango unaniuliza, "Msimamo?"

"Mwema wa sheria."

"Basi pita umenyooka."

Napita nimenyooka, siwezi hata kukata kona. Chumba cha kwanza waovu wa sheria wamepanga foleni kuniibia. Kila mmoja anasema samahani kabla ya kutia mkono mfukoni mwangu, na wa mwisho, akikuta mfuko mtupu, anawalaumu wenzake kwa kutomfikiria. Chumba cha katikati kabisa kuna mtu anakula nusu ya chapati. Ile nusu nyingine haitaki wala haikatai.

"Umemwona kaka yangu?"

"Ndiyo na hapana," anasema, anaendelea kutafuna.

Ukuta unaondoka bila kuaga, nami niko ukingoni mwa korongo. Sadoki yuko pale juu, mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, na lile shati lake la kijani, na kuku kwapani. Nanyoosha mkono nimguse. Haufiki. Sijawahi kutamani kitu kama nilivyotamani kushika lile shati.

"Tabu," anasema. "Mguu umekufa ganzi."

"Pole, kaka. Unaendeleaje huko?"

"Hivyo hivyo. Ila huyu kuku ananichosha."

"Hata mimi nimechoka naye," kuku anasema.

Nacheka. Sijacheka hivyo tangu msiba. Namwambia abaki, nitamletea chai kila siku, nitamsimulia ya nyumbani, kwamba mama ameanza tena kupika ndizi nyama. Anasikiliza, lakini macho yake yako ng'ambo.

"Kwani huko kuna nini?"

"Sijui. Ndiyo maana niliruka."

Kikombe kinakuja kikitembea kifudifudi, kinasimama mbele ya kandambili zangu. Dadu inagonga kutoka ndani.

"Binti, nitoe. Mimi nina ganzi kumshinda yeye."

"Hairuhusiwi. Dadu ya mtu hairushwi na mwingine."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Na wewe ni mwema, au ni wa sheria?"

"Vyote viwili."

"Leo chagua kimoja," dadu inasema, kama karani anayetaka kufunga dirisha akale.

Namtazama Sadoki. Nikirusha, atavuka au ataanguka, na vyovyote vile hatakuwa hapa tena. Nataka abaki. Nataka sana. Lakini mguu wake unatetemeka, na hajalalamika mara ya pili, maana ndivyo alivyokuwa.

Nainua kikombe. Deraya yote inanidondoka, vipande vipande, nabaki na gauni la kulalia.

"Kaka, nairusha."

"Irushe, mdogo wangu. Ila usifumbe macho."

Nikafumba. Nikasikia kuku akipiga kelele, kisha miguu miwili ikitua juu ya majani makavu, mbali.

Nilipoamka kulikuwa kumekucha. Kikombe kilikuwa palepale mezani, kifudifudi, na vumbi lililokaa mgongoni mwake halikuwa na hata alama ya kidole. Nilikiinua. Dadu ilikuwa imelala, kumi na nne ikiwa juu.

Nilikaa chini nikalia. Alipita kwa tundu la sindano, kama kawaida yake. Kisha nikampigia Mhina.

"Bungo kavuka," nikamwambia.

"Nani karusha?"

"Mimi."

"Wewe, Tabu? Basi itabidi tubadilishe msimamo wako."

"Badilisha," nikasema. "Na Jumamosi tuanzie ng'ambo."