Kuku wa Pole

"Hodi humu ndani."

Severina aliitambua sauti kabla hajamwona mtu. Alikuwa ameinamia beseni akiokota mawe kwenye mtama kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umelala mapajani, kifundo kimepinda, mfupa umeunga vibaya.

"Karibu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, Mama Kefa."

Mzee Luqmani, mwenye mashine ya kukamulia alizeti pale Nduguti, aliingia akiinamisha kichwa, kwapani ana kuku aliyefungwa miguu kwa kamba. Alimweka chini, akaketi kwenye kigoda bila kusubiri kuonyeshwa.

"Nimekuletea pole. Nitachinja mwenyewe, wewe upike, tule."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja apone yeye. Kwa ukoo wa kina Severina waliokula pamoja hawashitakiani tena, na Luqmani, aliyeishi nao miaka yote, alilijua hilo vizuri kuliko alivyojua bei ya mafuta. Kesho asubuhi walitakiwa ofisi ya msaada wa kisheria wakasuluhishwe. Kuku huyu akiiva leo, kesho hakuna cha kusuluhisha.

Baada ya mavuno Severina alikuwa amepeleka alizeti yake ikakamuliwe. Bomba la mashine lilikuwa linavuja siku nyingi, mafuta yametapakaa mlangoni, na wafanyakazi wote walijua. Hakuna aliyemwaga mchanga wala kumwambia mteja atazame anapokanyaga. Aliteleza, akaangukia mkono. Watu wakamzunguka wakimpa pole, na yeye, amelala chini gauni limepanda magotini, akajibu kama alivyofundishwa tangu utoto kumwondolea mwenyeji aibu: "Nimeshapoa. Ni mimi mwenyewe, sikuangalia." Ndiyo adabu yetu hiyo, mtu anavunjika mfupa na bado anamwombea radhi mwenye nyumba. Mkono wenyewe ndio uliokuwa ukipepeta nafaka za watu sokoni. Sasa haugeuki, na ungo hautaki mkono mmoja.

"Mama, mwenye eneo akikaribisha wateja ana wajibu wa kuhakikisha pako salama, au angalau awaonye," Asnath, binti wa ile ofisi, alikuwa amemweleza. "Ulichokisema ukiwa na maumivu hakifuti haki yako. Ila kesho useme kwa mdomo wako sakafuni palikuwa na nini."

Kwa Asnath ilikuwa rahisi. Asnath hakuwa ameketi mbele ya Mzee Luqmani akihesabiwa pumzi.

"Kesho sema tu ulichosema siku ile," Luqmani alianza taratibu. "Ulisema mbele za watu kwamba ni wewe. Mimi sikukutia maneno mdomoni."

"Nilisema, mzee."

"Sasa hawa watoto wa ofisini wanakufundisha ugomvi. Sisi majirani. Hivi mwakani utakamulia wapi? Hapa mashine ni yangu na ya shemeji yangu."

Alitabasamu aliposema hivyo, na tabasamu lile lilimtisha Severina kuliko maneno. Aliyatazama mafiga. Yalikuwa ya baridi, kuni ziko kando, kiberiti kiko juu ya kuni. Alitakiwa kuinuka tu. Hakuinuka, na mwenyewe hakujua kama ni ujasiri au ni woga.

Kuku alipiga mbawa mara moja akatulia. Luqmani aliyatazama mafiga, akamtazama mwenyeji wake, akakohoa.

"Basi nipe hata maji."

Maji mgeni hanyimwi. Severina alichota mtungini kwa mkono wa kushoto, akakijaza kikombe. Lakini mtu mzima hapewi kitu kwa kushoto, hata awe amekuja kukunyonga. Alikihamishia kulia, akapiga goti, akanyoosha. Kifundo kikakataa kubeba. Kikombe kilidondoka na maji yakatambaa hadi mlangoni, juu ya udongo uliolainika kwa kusiribwa miaka mingi.

Luqmani aliutazama ule mkono. Tangu siku ya mashine hakuwa ameutazama hata mara moja. Alipotosheka, au aliposhindwa, aligeuza uso, akamwokota kuku wake na kuinuka kwa haraka kuelekea nje.

"Mzee, subiri."

Severina, akiwa bado amepiga goti, alimwonyesha maji pale mlangoni.

"Hapo panateleza."

Luqmani alisimama mguu mmoja hewani, kuku kwapani, akitafuta pa kukanyaga.