Herufi Chini ya Dawati

Ulikuwepo. Usiniambie hukuwepo. Ulisimama nje ya uzio wa shule na koti lako zito, ukamwona Mwalimu Stastny akitolewa mlango wa nyuma kama mwizi wa kuku, nawe ukainama kufunga kamba za viatu. Nilikuona. Mimi ndiye mpishi wa shule, yule mnayemwita Dot, na kichwa changu hakisahau.

Nakumbuka bodi ya shule ilipofuta maktaba, ukasema mwaka ni mgumu. Ikamfuta nesi, ukasema watoto wetu wana afya. Halafu ikafuta somo la mwandiko, eti mtihani siku hizi unafanywa kwenye vishikwambi, na hapo hukusema kitu kabisa.

Stastny hakulifuta. Kila asubuhi, kabla ya hesabu, aliwafundisha watoto wake wa darasa la kwanza kushika kalamu. Mjukuu wangu Junie alikuwa mmoja wao. Penseli aliikamata kwa ngumi kama anataka kuchoma kitu, na karatasi ilitoboka kabla jina halijaisha. Stastny alivunja krayoni vipande vidogo hivi, visivyoshikika ila kwa ncha za vidole. Akabandika karatasi upande wa chini wa madawati, akawalaza watoto chali, waandike juu yao kama mafundi wa dari. Mkono ukiinuliwa hivyo hauwezi kuzembea. Taa alizima, maana zilikuwa zinawachoma macho. Na aliwataka wanyamaze wasikilize, kwa sababu krayoni ikikandamizwa hukwaruza, na ikishikwa vizuri hunong'ona.

"Junie, yako inasemaje?"

"Inapiga kelele, Mwalimu."

"Basi ibembeleze."

Sasa sikiliza vizuri, maana hili umelisikia vibaya. Asubuhi ile alikuja Pruitt, mkaguzi mpya wa ofisi ya wilaya, kijana wa kufunga tai. Alikuwa anapita koridoni, akachungulia kwenye kioo cha mlango wa Stastny. Akaona giza. Akaona watoto chini ya madawati, kimya, viatu vimechomoza. Kwetu hapa anayeona hivyo haulizi. Watoto wetu wanafanyishwa zoezi hilo tangu chekechea: mtu mwenye bunduki ameingia, zima taa, jifiche, usipumue kwa sauti. Pruitt hakugonga mlango. Alibonyeza kile kitufe cha dharura wanachovaa shingoni.

Spika ikalia jikoni kwangu. "Fungeni milango. Hili si zoezi. Narudia, si zoezi."

Marvella, ninayepika naye, akanivutia kwenye chumba cha baridi.

"Keti, Dot! Unakwenda wapi na mwiko?"

"Junie yuko kule."

"Na huo mwiko? Utampakulia huyo mtu chakula?"

Nikacheka, Mungu anisamehe. Simu ikatetema. Binti yangu Colleen, kutoka kiwandani: Mama, Junie yuko wapi. Ikatetema tena: Mama nijibu. Nilianza kumwandikia nikafuta, nikaanza nikafuta. Ningemwambia nini? Kati yangu na yule mtoto kulikuwa na korido mbili na mlango wa chuma. Tukasikia viatu vizito vikipita. Mlango ukabamizwa, ukafuata mwingine. Nikawa nasubiri mlio wa risasi. Kila kimya kilipoendelea nilijua mlio unakuja sasa. Sufuria ikaanguka huko jikoni, Marvella akaniuma bega. Hakuomba radhi, wala sikumdai.

Ya darasani nilisimuliwa na Junie. Stastny aliposikia spika alifunga mlango kwa ufunguo. Alidhani ni kweli. Angejuaje kwamba hatari yenyewe ni darasa lake? Akatambaa akalala katikati yao. Mtoto mmoja akaanza kulia.

"Mwalimu, tutakufa?"

"Sasa hivi tunaandika. Nani amefika herufi ya pili?"

"Mimi," Junie akanong'ona.

"Haya, nenda ya tatu. Polepole."

Wakaandika, huku polisi wenye fulana za chuma wakimtafuta kila choo mtu ambaye hakuwepo.

Ilipojulikana chanzo, Pruitt alipewa likizo atulize moyo. Stastny akasimamishwa kazi kwa "kuhatarisha usalama wa wanafunzi." Pale uzioni Curtis Haney, baba wa wale mapacha, alikuwa anafoka.

"Mwalimu gani analaza watoto chini ya meza gizani?"

"Wote, Curtis. Kila muhula. Na wewe unatia saini fomu ya zoezi."

"Hiyo ni tofauti, Dot, usinichezee."

"Tofauti gani? Huko wanafundishwa kufa kimya, huku wanafundishwa kuandika. Unayemfukuza ni huyu wa kuandika."

Alinitazama kana kwamba nimemtemea mate. Alikuwa bado amewabana wanawe, maskini, pacha mmoja kwapani na mwingine kwapani. Sikumchukia yeye. Nilikuwa nakutazama wewe na kamba zako za viatu.

Mwalimu wa muda ameletwa. Anagawa vishikwambi na watoto wanagusa majibu. Jana Junie alijilaza chini ya meza yangu ya jikoni, karatasi ameibandika mwenyewe, krayoni mkononi. Nikanyoosha mkono kwenye swichi.

"Bibi, usizime!"

"Taa si zinakuumiza macho?"

"Ukizima watakuja wale wenye bunduki."

"Hawaji, mpenzi wangu. Hapa ni nyumbani."

Hakuniamini. Akaandika huku akikodoa macho kwenye mwanga, machozi yakimshuka masikioni, na jina hakulimaliza. Akaniomba niende nikaangalie kama mlango nimeufunga. Nilikwenda. Akanituma tena.

Leo bodi inapiga kura kumfukuza Stastny moja kwa moja. Wana hakika ukumbi utakuwa mtupu, kwa sababu wewe umewazoesha. Atakuwa amekaa pale mbele peke yake, na jioni ikiisha hakuna atakayewarudisha watoto hawa chini ya dawati kwa sababu nyingine isipokuwa woga.

Kikao ni saa moja jioni, ukumbi wa kituo cha zimamoto. Mlangoni wanaandikisha wanaotaka kusema. Usiniulize utasema nini. Mwanao yuko hapo mezani mbele yako, muulize yeye. Weka chini hicho unachokula. Vaa koti, mchukue na jirani yako, utoke sasa hivi.